Wamama 8 walala Tshivanga: usiku wetu mlangoni pa msitu wa Kahuzi

Tangu tumerudi hakuna siku inayopita bila mtu kutusimamisha sokoni au mlangoni pa kanisa na kutuuliza lile lile: "Kweli mlilala porini? Na waume zenu walikubali?" Tumeona ni afadhali kujibu hapa mara moja. Ndiyo, tulilala. Ndiyo, walikubali, mmoja wao baada ya kununa siku tatu. Na kuna jambo moja la aibu ambalo kwanza tulitaka kulificha. Katika mkutano wa Jumanne tuliamua kuliweka wazi, kwa sababu linagusa jiko la kila mmoja wetu.

Wazo lilitoka kwa mtoto. Mjukuu wa mweka-hazina wetu alirudi na kazi ya shule: aandike habari za mnyama wa jimbo lake. Akamwuliza bibi yake gorila anafananaje. Bibi amezaliwa Bukavu, ameolewa Bukavu, amezaa na kuzika Bukavu, na parke iko karibu kilomita 30 tu kutoka mjini. Alichoweza kumwonyesha mtoto ni noti ya zamani ya zaire 50,000, ile ya mwaka 1991 yenye picha ya gorila, aliyokuwa ameiweka ndani ya Biblia. "Nikasikia haya," alituambia. "Mnyama wa kwetu, nami namwonyesha kwenye pesa iliyokufa."

Tukaongeza kidogo juu ya mchango wetu wa likelemba, kila wiki, kwa miezi 7. Wengine walisema ni pesa ya kutupa. Wengine walisema parke ni ya wazungu. Mwishowe tulibaki 8 tuliokuwa tumekamilisha, tukaomba ruhusa, tukaazima mahema mawili na mablanketi mengi, tukaondoka Jumamosi asubuhi kwa bisi ndogo.

Njia mnaijua hadi Miti. Pale Miti gari linakata kushoto na kuanza kupanda kati ya mashamba, migomba na chai, na kila kona upepo unakuwa mwingine. Mama mkubwa wa kikundi chetu alijifunga kikwembe cha pili kabla hatujashuka. Tshivanga iko juu ya mita 2,000. Jueni hilo mapema: mchana jua, usiku baridi ya kuuma mifupa.

Mlinzi aliyetupokea alituketisha chini akatueleza parke yenyewe, na tulijifunza mengi ambayo hatukuwahi kuambiwa shuleni. Kahuzi na Biega ni milima miwili iliyokuwa ya moto zamani, sasa imezimika. Kahuzi ina mita 3,308, Biega 2,790. Parke ilianzishwa mwaka 1970, na Mbelgiji Adrien Deschryver ndiye aliyeipigania na kuwazoesha gorila wa kwanza kuwaona watu bila kukimbia. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi mabonde ya chini, upande wa Walikale na Shabunda, na ikafikia kilomita za mraba 6,000. Ni zaidi ya mara mbili ya Ziwa Kivu lote. Mwaka 1980 UNESCO iliiweka kati ya urithi wa dunia. Mwaka 1997, vita vilipokuwa vimeingia, ikaiandika kati ya urithi ulio hatarini. Maji yanayotoka msituni yanagawanyika: mengine yanashuka Kivu, mengine yanakwenda magharibi hadi Lualaba.

Na gorila wenyewe? Wale wa Rwanda na Uganda ni wengine, wa milimani. Hawa wetu, wanaoitwa gorila wa Grauer, hawaishi porini katika nchi nyingine yoyote, ila huku mashariki mwa Kongo. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria kwamba wamebaki 3,800 tu, kumbe miaka ya 1990 walikuwa karibu 17,000. Mwaka 2021, walipofika mahali pasipofikika zamani, wakakadiria 6,800. Hata hivyo ni wachache. Jaza uwanja wa mpira wakati wa mechi kubwa, watu watawazidi.

Kuna chumba pale chenye mafuvu yaliyopangwa, ya gorila na ya tembo. Waliuawa. Tembo wa sehemu ya mlima karibu wote walimalizwa miaka ya vita. Gorila mmoja mashuhuri, Maheshe, aliuawa mwaka 1993. Wengi husema ndiye aliye kwenye ile noti ya zamani. Mweka-hazina wetu alisimama mbele ya mafuvu muda mrefu bila kusema neno. Walinzi nao wengi wamekufa kazini.

Makala

Jioni tulitaka kupika. Tulijua kwamba hairuhusiwi kuokota kuni ndani ya parke, kwa hiyo tulikuja na nusu gunia la makala na mbabula mbili. Tulijisifu kwa hilo! Tuliona sisi ni wageni wenye adabu.

Mlinzi mmoja mwenye mvi alikuja kutusalimia. Alitazama makala yetu, akaokota kipande, akakigonga na kingine. Kililia kama chuma.

"Wamama, hii mmenunua wapi?"

"Bukavu, baba. Sokoni."

Akacheka, lakini si cheko la furaha. "Basi mmeirudisha nyumbani."

Akakaa kwenye jiwe akatueleza. Mti mgumu wa msitu wa juu unakua polepole sana, na makala yake ni mazito, yanashika moto muda mrefu. Ndiyo maana tunayapenda. Makala ya mikalitusi iliyopandwa ni mepesi na yanaisha haraka. Hakuapa kwamba gunia letu lilitoka ndani ya mpaka, maana hakuna anayeandika jina la msitu juu ya gunia. Ila alisema amepita miaka mingi akikuta matanuru yanafuka moshi chini ya miti, na sauti ya makala ya namna ile anaijua. "Mwenye kukata anapata kidogo. Mwenye kubeba mgongoni ni mama kama ninyi. Mwenye kuyauza kwa jumla, huyo huku hatumwoni kamwe."

Aliondoka. Hakutunyang'anya, hakututoza. Ingekuwa rahisi kwetu kama angetutoza.

Tulipika sombe na sambaza na bugali juu ya makala yale yale, kwa sababu njaa haingoji. Mama mmoja akasema kwa sauti kile ambacho wote tulikuwa tunakiwaza: "Sasa tupike na nini? Na maneno?" Hakuna aliyejibu. Tulikula kimya, jambo ambalo katika kikundi chetu halijawahi kutokea.

Usiku

Kuhusu usiku, tuseme ukweli, hatukulala sana. Giza la msitu si giza la mtaa umeme ukikatika. Hata mkono wako huuoni. Saa mbili hivi tukasikia kilio juu ya mti, kinaanza polepole kama mlango mbovu, kinapanda, kinapanda, mwishowe ni kama mtoto anayechapwa. Wawili kati yetu walikuwa wamekwisha kutoka hemani na tochi, wakidhani kuna mtoto kweli. Mlinzi wa zamu akacheka gizani: ni perere tu, mnyama mdogo asiyezidi sungura sana, anakaa kwenye mashimo ya miti. Mdogo hivyo, na sauti ile! Alilia hadi karibu alfajiri. Baina ya kilio na kilio tuliongea habari ambazo nyumbani hatuna nafasi ya kuongea, na hizo hatuziandiki hapa.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na ndege wengi hivi kwamba hatukuweza kuwahesabu. Mbega walipita juu ya miti, weusi na weupe, wakiruka kama nguo zinazotupwa kutoka tawi hadi tawi.

Ndipo tukapata pigo la kwanza. Mmoja wetu alikuwa amekohoa usiku. Mwongozaji alimsikia, akamvuta kando, akamwambia kwa heshima kwamba hatapanda. Gorila wanashika magonjwa yetu, na mafua yanayotupita sisi kwa wiki moja yanaweza kuwaua wao. Hakuna kubembeleza juu ya hilo. Mama wa watu, miezi 7 ya mchango, na anabaki kambini! Alifuta macho na kona ya kikwembe akasema: "Nendeni, mniletee picha." Tukaona uchungu, lakini mwongozaji alikuwa na haki.

Saa moja tu

Tulipanda 7. Mbele walikwenda wafuata nyayo, ambao tangu alfajiri walikuwa wametafuta mahali familia ilipolala. Njia ni ya panga: majani yanayowasha, mianzi, tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama mkubwa, mwenye miaka 61, alishikwa mkono na kijana wa kubeba mizigo na hakulalamika hata mara moja. Sisi wadogo ndio tuliolalamika.

Kabla ya gorila tulikuta vitanda vyao. Kila jioni gorila anakunja matawi na majani anajifanyia kitanda kipya, hata kama cha jana kiko hatua chache pembeni. Hakuna kurithi kitanda. Watu wanaofanya hesabu ya gorila wanahesabu vitanda na mavi yaliyomo. Wakikuta makubwa na madogo katika kitanda kimoja, wanajua pale alilala mama na mtoto. Mwongozaji alituonyesha kimoja cha namna hiyo. Tulikizunguka tukikitazama kama tunavyotazama nyumba ya mzazi aliyetoka kujifungua.

Kisha akaweka kidole mdomoni. Tukavaa barakoa. Majani yakatikisika.

Tuseme nini? Tulikuwa tumeona sinema. Sinema haina harufu. Harufu ilifika kwanza, ya jasho na ya majani yaliyopondwa. Halafu mwenyewe, dume la mgongo wa fedha, amekaa na mgongo ametupa sisi, anachuna ganda la mti kama mtu anayemenya muhogo. Mgongo mpana kama mlango. Hakutugeukia. Mwongozaji alitoa sauti ya chini kooni, kama mtu anayesafisha koo, ndivyo wanavyosalimiana, na dume likajibu vile vile. Mama mmoja wetu akataka kujibu pia, tulimfinya.

Majike yalikuwa nyuma kidogo na watoto. Hapo ndipo wamama tulisahau hofu. Jike moja lilikuwa na kichanga kifuani, kinanyonya, mkono mmoja umekishika matako, mkono mwingine unavuta majani. Kikubwa chake kilikuwa kinapanda mgongoni, kinateleza, kinapanda tena, naye hakasiriki. Mwongozaji alitueleza kwa kunong'ona: jike hubeba mimba miezi 8 na nusu hivi, hunyonyesha miaka 3 au zaidi, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka kama 4. Mmoja wetu, mkunga, akanong'ona: "Huyu amewapita wamama wa zahanati yangu wote." Akatuambia pia kwamba binti akikomaa huacha familia ya baba yake akaenda kwa dume jingine. Tukauliza kama kuna mahari. Hata mwongozaji alishindwa kuzuia kicheko ndani ya barakoa.

Kwa sababu uzazi wenyewe ni wa polepole hivyo, jike moja likiuawa pengo lake halizibwi mwaka ujao, wala mwaka wa tatu. Mitego ya waya inayotegewa swala inakata mikono ya watoto wa gorila pia. Na huko chini, upande wa msitu wa bonde, kuna wachimbaji wa koltani wanaokula nyama ya porini kwa kuwa hawana nyingine.

Mara dume likasimama. Likaja upande wetu, halikukimbia, lakini lilikuja. "Chini, macho chini," mwongozaji alisema. Tukainama wote 7, tukishikana vikwembe. Lilipita karibu sana, tukasikia pumzi yake, likavunja mti mchanga kama unavyovunja kibiriti, likaenda zake na familia yote ikalifuata. Hakuna aliyepiga picha. Mwongozaji akatazama saa: muda wetu, saa moja, umeisha.

Aliyebaki kambini

Tuliposhuka, mwenzetu wa kikohozi hakuwa analia tena. Alikuwa ameketi karibu na barabara na mama mmoja muuza viazi vitamu, na alituambia: "Mmeona gorila. Mimi nimesikia jambo ambalo ninyi hamkusikia."

Yule muuza viazi ni Mutwa. Mama yake alizaliwa ndani ya msitu ule ule tuliotoka. Parke ilipoundwa na kupanuliwa, miaka ya 1970, Batwa kwa maelfu walitolewa humo, bila shamba la kubadilisha na bila malipo, na tangu hapo wengi wao wanaishi pembeni ya ardhi ya watu, wakilima kwa siku. Nyanya yake amezikwa juu, mahali anapopajua. Hawezi kwenda kupalilia kaburi. "Ninyi mmelipa mkaingia," alimwambia mwenzetu. "Mimi hata nikilipa nitaitwa mwizi."

Mwaka 2018 familia za Batwa zilirudi msituni, na yaliyofuata mnayajua: mapigano, nyumba kuchomwa, watu kufa, wa kwao na wa walinzi. Kumekuwa na miti mingi iliyokatwa pia, na wenye pesa ya makala hawakukosa kuingia kwa mlango huo. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba nchi yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Sisi si mahakimu. Ila mmoja wa wafuata nyayo waliotuongoza asubuhi alikuwa Mutwa, na ndiye aliyesoma jani lililokunjwa pale ambapo sisi tuliona majani tu.

Tulinunua viazi vyote. Alitupunguzia bei, hatukuomba.

Jumanne kwenye mkutano

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tulipotoa habari hizi mbele ya kikundi, kelele ilikuwa nyingi. Wengine walitaka tuamue hapo hapo kwamba hakuna mwanachama atakayenunua makala ya mti mgumu. Wengine waliuliza nani atayatambua, na nani atalipa gunia jepesi linaloisha haraka. Wawili wetu wamekwisha kuanza kutumia mbabula ya udongo yenye tumbo jembamba. Gunia lililokuwa likiisha kwa wiki 3 sasa limeingia wiki ya 5 kwa mmoja, na kwa mwingine, mwenye watu 11 nyumbani, tofauti ni ndogo kuliko alivyotarajia. Tunaandika yote mawili.

Halafu akasimama mwenzetu ambaye anauza makala. Mnamfahamu, hatutaji jina. Watoto wake 4 wanasoma kwa hayo makala, na mumewe alikufa zamani. Hakupiga kelele. Alisema: "Mkiacha kununua kwangu mtanunua kwa mwingine, na msitu utakatwa vile vile. Nipeni miezi 6 nitafute watu wa mikalitusi. Lakini mkubali bei, na msinipite njiani mkienda kwa rahisi." Wamama walimpigia makofi, ila tuliona pia nyuso zilizotazama chini. Kukubali bei si jambo dogo mwezi huu.

Kwa wanaotaka kwenda, machache: ombeni nafasi mapema na mwulize bei ya mwenyeji, maana si ile ya mgeni. Ulizeni pia habari za usalama wa njia wiki ile ile, si ya mwezi uliopita. Vaeni viatu vinavyofunga na suruali chini ya kikwembe. Watoto wadogo hawapandi kwa gorila. Mwenye mafua aseme ukweli akiwa bado nyumbani. Na kwa wale wa baridi, mablanketi mawili kila mtu. Tulikuwa na moja na nusu.

Mjukuu wa mweka-hazina aliandika kurasa 2. Mwalimu alimwuliza ni kitabu gani alichonakili.

Jumanne ijayo, saa tisa, mahali petu pa siku zote, tunaendelea na suala la makala. Kila mama aje na kipande kimoja kutoka kwenye gunia analopikia wiki hii, kimefungwa kwenye karatasi. Mwenzetu muuzaji atakuwepo, naye ndiye atakayevigonga.